Mama Popo Hataki Picha

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana bila hata kubisha hodi. Watu watatu waliokuwa wakipita nje walikimbilia studio kwangu kujikinga, na kwa kuwa haikukatika upesi, wote watatu wakaishia kupiga picha za pasipoti. Mvua inaniletea wateja kuliko kibao changu.

Wa nne kuingia alikuwa wifi yangu, amelowa chapachapa, bahasha kaificha ndani ya koti. Yeye ni mdogo wa mume wangu na ni afisa mazingira wa manispaa. Tangu niolewe ananiita Kidevu Juu, maana ndiyo sentensi ninayoisema kutwa kucha: kidevu juu, mabega chini, usicheke.

"Nimekuletea kazi ya watu wazima," akasema. Anataka picha kumi za watu wa mji huu wanaolinda mazingira bila kutumwa na mtu. Kubwa kama mlango, zitundikwe ukumbi wa maktaba mvua zikiisha.

"Kumi watapatikana?"

"Wapo zaidi ya kumi. Wewe huwaoni kwa sababu hawaombi pasipoti."

Nikakubali hapo hapo. Miaka kumi na tisa ninapiga vichwa na mabega. Kufikiria tu kwamba nitapiga mtu mwenye miguu kulinifanya nicheke peke yangu.

Jioni ndipo nilipofungua bahasha kusoma majina. Wa kumi ni jirani yangu, Mama Popo. Nikaifunga bahasha.

Jumanne, 4 Machi

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Nyuma ya studio kuna ukuta, na nyuma ya ukuta ni uwanja wa Mama Popo, muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto, mjane, mwenye mkuyu mkubwa kuliko nyumba yake. Kwenye mkuyu huo wanaishi popo. Si wawili watatu. Mchana wananing'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, na magharibi wanaondoka wakipita juu ya kibao changu, na hawapiti bure. Kibao kilikuwa cheupe. Sasa hata mimi siwezi kusema ni cha rangi gani.

Mwaka jana bibi harusi alitoka studio kwangu na shela jeupe pe. Alifika hatua ya nne tu. Mama yake alinitazama kama nimelichafua mimi.

Basi mwezi wa kwanza majirani wakaandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba mkuyu ukatwe. Barua niliiandika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, na sahihi ya kwanza ni yangu. Niliandika kwamba popo wale wamemletea mama mkwe wangu ugonjwa wa kifua. Kikohozi cha mama mkwe ni kikongwe kuliko ndoa yangu. Nilimtia kwa sababu barua isiyo na mgonjwa haina uzito.

Yeye mwenyewe hajui kwamba anaumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepiga picha ya kwanza. Fundi bomba mstaafu, mzee mwembamba, kila Jumapili anasafisha chemchemi ya chini ya soko na kupanda matete kandokando yake. Nilimleta studio, nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya pazia la bluu, nikawasha taa zote. Kazi safi.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi ameitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu amekamatwa kwa kosa gani?"

Nimenuna mpaka saa hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimenuna kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemfuata fundi bomba chemchemini kwake. Nilivaa viatu vya mpira vya mume wangu, kila nikipiga hatua kiatu kinabaki nyuma. Mzee alikuwa ameinama, anatoa majani kwa mikono mitupu, na alipoinuka nikamwambia kwa mazoea, "Kidevu juu!" Akacheka, akasema, "Nikiinua kidevu nitaona nini huko? Maji yako chini."

Nikaona ni kweli. Nikapiga magoti matopeni, nikampiga picha akiyatazama maji yake. Alikuwa anayatazama kama mtu anavyomtazama mjukuu aliyefaulu mtihani.

Nimerudi nyumbani na tope hadi kiunoni. Mama mkwe kaniuliza kama nilipiga picha au nilipigwa mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Wifi amekuja studio. Aliiweka picha juu ya meza, akaisogeza, akaisogeza tena. Kisha akaomba chai. Kwa wifi yangu hiyo ni sherehe.

Jumapili, 23 Machi

Nimempiga mwanamke wa karakana ya baiskeli anayekusanya mafuta machafu ya magereji yote yasiingie mtoni. Mikono yake imejaza fremu nzima. Na dereva wa trekta anayeruka viota vya ndege anapolima. Mashamba yake yana visiwa vya majani, wenzake wanamwita Kipofu. Amesema jina hilo halimsumbui, maana ndege wanajua nani anaona.

Pamoja na wengine watatu wa wiki hii, tayari sita. Ninaanza kuipenda kazi hii kwa namna ambayo siisemi mbele ya wifi.

Alhamisi, 27 Machi

Wa saba ni mtu anayeitwa Mtego. Zamani aliishi kwa kunasa ndege na popo kwa nyavu. Sasa anazunguka msituni akikata nyavu za wengine. Wakati narekebisha kamera nikamuuliza nani alimbadilisha.

"Si jirani yako yule! Alinikuta uani kwake na wavu mkononi, jua limechomoza. Nikajua leo nitaitiwa mwizi. Yeye akaniuliza kama nimekula. Nikakaa, nikala. Nikiwa natafuna akanionyesha kilima kile ng'ambo ya mto, akaniambia kilikuwa kipara, na miti yote ninayoiona imepandwa na popo, mbegu wanazibeba tumboni. Nikatazama kilima, nikatazama wavu wangu. Nilijiona kama mtu anayewinda watunza bustani."

Aliposema hivyo ndipo nilipobonyeza. Picha nzuri kuliko zote. Nimeitazama jioni yote, na haikunipa raha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda. Nilijipa moyo njia nzima, na njia yenyewe ni hatua thelathini.

Mama Popo alikuwa anafagia chini ya mkuyu. Mwanamke mfupi, mnyoofu, bado anatembea kama yumo wodini na kuna watoto wamelala.

"Karibu, Mama Picha," akasema. "Umekuja kupima mti? Futi kamba sina."

Nikamwamkia, akaitikia. Nikaeleza habari za maktaba, habari za wifi, habari za picha kubwa kama mlango, maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Barua nilisomewa na mwenyekiti," akasema. "Niliposikia kifua cha mama mkwe wako nikasema masikini, mtu mzima yule. Nikampelekea asali."

Dunia haikupasuka nikaingia. Ile asali! Mama mkwe ameila mwezi mzima, anailamba kijikoni saa tisa kila siku, na mimi nilidhani kaletewa na wifi.

"Anaendeleaje?" akaniuliza.

"Hajambo," nikasema.

"Namshukuru Mungu. Picha sitaki. Hao wengine tisa wanatosha. Mkishakata mti uje upige kisiki, kitakaa bila kucheka."

Akaendelea kufagia. Alifagia hadi kwenye nyayo zangu nikalazimika kuondoka.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Nimemwambia wifi kwamba Mama Popo ana shughuli.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua na upepo. Mkuyu unalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika nikiwa nimechoka hoi.

Alfajiri upepo ulivunja tawi zima la mkuyu. Lilidondokea ukuta, likabomoa kipande chake na kukunja bati la nyuma ya studio. Mume wangu na mimi tulitoka mbio kuokoa kamera. Palipokucha, mvua imepungua, nikasikia Mama Popo anaita. Hakuwa anaita mtu, alikuwa anabembeleza: "Njoo, njoo mama, usiogope." Nikachungulia pale ukuta ulipobomoka.

Uwanja ulikuwa umejaa vitoto vya popo. Vimedondoka na tawi, vinatambaa kwenye maji kwa vidole vya mbawa zao, vinalia kwa sauti nyembamba. Mama Popo amepiga magoti na glavu nene, anapapasa matope. Nasema anapapasa, maana mkono wake ulipita karibu kabisa na kimoja bila kukiona.

"Kushoto!" nikamwambia. "Mbele kidogo. Hapo."

Akageuza uso. "Usisimame hapo kama mgeni. Chukua taulo. Usikishike kwa mkono mtupu, kinauma na kina haki ya kuuma."

Nikaruka ukuta na kanga yangu ya kulalia. Nikaleta mataulo yote ya studio, yale meupe ninayopangusia wateja jasho. Nilikuwa natafuta na kuokota, yeye anakausha na kuviweka kwenye kapu lililotandikwa, kisha tunavitundika kimoja kimoja kwenye matawi ya chini. Na akina mama zao wakashuka. Sikuamini. Popo mkubwa anakuja, ananusa, anapita. Ananusa kingine, anapita. Wa tatu ndiye wake, anamkumbatia kifuani na kuondoka naye juu. Kati ya vyote vile hakukosea.

Mchana kutwa tulifanya hivyo. Thelathini na moja tuliviokoa, vinne vilikufa, tukavizika kando ya ukuta. Mama mkwe alikuja kwenye ule ufa wa ukuta na chai, akakaa juu ya tofali, akawa anatuelekeza: "Kile kule! Si hicho, kile chenye masikio!" Vyote vina masikio.

Tulipomaliza Mama Popo alikaa barazani, akavua glavu. Ndipo nikamtazama usoni karibu. Macho yake yote mawili yana ukungu mweupe katikati.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili huu. Nawaona kama kupitia pazia. Usimwambie mtu, watasema kikongwe kipofu hawezi kuwa na mti."

Hakuitaja barua. Afadhali angeitaja.

Jumatatu, 7 Aprili

Mwenyekiti amebandika tangazo. Kwa kuwa tawi limebomoa ukuta, ombi la wananchi limekubaliwa, mti utakatwa Ijumaa. Chini ya tangazo amebandika nakala ya barua. Mwandiko wangu mzuri, mbele ya watu wote.

Nilikwenda kwake kuomba nifute sahihi yangu.

"Mama Picha, sahihi si chaki," akasema. "Jumatano kuna kikao. Njoo useme mbele za watu."

Jumatano, 9 Aprili

Nimesema.

Ofisi ya mtaa ilijaa hadi dirishani. Mwenyekiti akaisoma barua kwa sauti, na sikujua maneno yangu mwenyewe yanaweza kusikika vibaya namna ile. Alipofika kwenye "mama mkwe wangu anateseka usiku na mchana", nikasimama.

"Mwenyekiti, hapo nilisema uongo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye kifua. Popo hawakumfanya mama mkwe lolote. Mimi nilikasirika kwa ajili ya kibao na shela la mteja, nikaona hayo hayatoshi kukatia mti. Nikaongeza mgonjwa."

Kelele zikaanza. Fundi viti wa mtaa wa pili akasimama, "Sisi tulitia sahihi kwa kumhurumia bibi wa watu!"

Hapo mama mkwe, ambaye sikujua hata kama amekuja, akainuka kutoka benchi la nyuma na mkongojo wake.

"Nani anahurumiwa hapa? Kikohozi hiki niliingia nacho kwenye ndoa. Marehemu mume wangu alikisikia siku ya kwanza na akanioa hivyo hivyo. Popo hawahusiki. Na wewe," akanigeukia, "umeniuguza bila kuniambia! Ningejua ninaumwa ningelala, nipikiwe." Akakaa. Akainuka tena. "Asali nimeila. Sirudishi."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mama Popo alikuwa pembeni, amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanacheza.

Wifi akazungumza kama afisa, kwa utaratibu, habari ya kilima na mbegu. Mtego naye akasema yake. Mwishoni ikaamuliwa: shina lisiguswe, matawi yaliyo juu ya njia na juu ya studio yapunguzwe. Sahihi kumi na nne zikafutwa pale pale, kila mtu kwa mkono wake. Yangu niliifuta ya kwanza, nikakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Njiani mama mkwe alinishika mkono. "Umejiaibisha vizuri," akasema.

Ijumaa, 11 Aprili

Wamepunguza matawi. Mashine ilinguruma asubuhi nzima. Popo wote waliinuka kwa pamoja, wakafunika jua, wakazunguka mara mbili, wakaelekea ng'ambo ya mto.

Jumamosi, 12 Aprili

Hawajarudi.

Jumapili, 13 Aprili

Hawajarudi. Kibao changu kimeoshwa na mvua, ni cheupe kabisa. Sikipendi.

Ijumaa, 18 Aprili

Wifi anasema wakishtuliwa huhama, wakati mwingine kwa msimu, wakati mwingine moja kwa moja. Aliyasema taratibu, kama daktari.

Tumeokoa mti mtupu.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Popo amekuja studio mwenyewe. Amevaa gauni la kijani, amechana nywele.

"Nimekuja kupigwa," akasema.

Nikamwambia si lazima, simdai kitu.

"Nilikataa kwa hasira. Hasira imekwisha, imebaki huzuni, na huzuni haina ukaidi. Halafu wifi yako amenibembeleza mara sita. Mtu akinibembeleza mara sita namwonea huruma."

Hatukupiga studio. Nilimpeleka chini ya mkuyu, nikasogeza kiti, akakataa kukaa. Nikamwacha. Alizunguka shina polepole, kiganja kikiwa kwenye gome, akitafuta njia kwa mkono, na mahali fulani akasimama, akainua uso na kusikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza. Nikapiga moja tu.

Jioni nimeiona kwenye kioo cha kompyuta. Ukungu wa macho yake umeonekana. Nilifikiri kuufuta, ni kazi ya dakika mbili, huwa nafuta hata chunusi. Nikaenda kumuuliza.

"Acha," akasema. "Nimechoka kuyaficha." Na kabla sijatoka: "Wifi yako anamjua daktari wa macho. Nimemwambia anipangie siku."

Jumatano, 30 Aprili

Mvua kidogo. Mtego anapita ng'ambo ya mto kila asubuhi. Ameona popo wengi kwenye mikaratusi ya huko, hajui kama ni wetu. Mama mkwe kamuuliza mbona hakuwauliza.

Jumapili, 4 Mei

Picha zote kumi zimechapwa. Tumezipanga sebuleni zikaegemea ukuta, na nyumba nzima ikawa na wageni. Mume wangu alipita akasema "samahani" kwa dereva wa trekta.

Wifi aliziangalia moja moja. Kwa Mama Popo alisimama muda mrefu, akatoa leso. "Wifi," akasema. Basi. Tangu niolewe ni mara ya kwanza kuniita hivyo.

Alhamisi, 8 Mei

Jua siku nzima. Mvua zimekwisha, nadhani.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya maktaba, saa nne asubuhi, na mgeni rasmi. Mume wangu na mama mkwe walitangulia. Mimi nikaenda kumchukua Mama Popo, kwa kuwa njia ina mashimo na macho yake hayamwonyeshi mashimo.

Nilimkuta katikati ya uwanja. Mkoba mkononi, kiatu kimoja mguuni, kingine barazani. Amesimama kama aliyeambiwa asicheze.

"Tumechelewa," nikamwambia.

"Nyamaza. Nasikia kitu. Au masikio nayo yameanza kunisaliti?"

Nikanyamaza. Palikuwa na mchakacho juu, na ugomvi mdogo wa sauti nyembamba, wa mtu anayemwambia mwenzake asogee. Nikatazama. Mwanzoni niliona majani, tena majani mengi ajabu upande wa mashariki ambako hawakukata. Kisha jani moja likajikuna.

"Wapo," nikasema.

Alinishika mkono kwa nguvu. "Wangapi?"

"Wengi kidogo."

"Wengi kidogo si jibu la muuguzi. Nihesabie."

Kamera ilikuwa imetangulia maktaba na mume wangu. Sikuwa na kitu ila kidole. Nikaanza tawi la chini, moja, mbili, tatu, na yeye akirudia nyuma yangu kwa kunong'ona. Tulikuwa kwenye hamsini na kitu simu ilipolia. Ni wifi, anapiga kelele juu ya kelele za watu.

"Mko wapi? Mgeni rasmi amefika! Watu wamejazana mbele ya picha ya Mama Popo, wanauliza mwenyewe yuko wapi!"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Popo akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, mpeleke mgeni rasmi kwa wale tisa kwanza, awatazame vizuri, asiwe na haraka. Sisi tumefika sitini na nne, na huyu akishika simu atapoteza hesabu."

Akakata. Akaitumbukiza simu yangu kwenye mkoba wake na kuufunga.

"Haya. Sitini na nne."

"Sitini na tano," nikasema. Nikainua shingo, nikasogea hatua moja kulia ili jua lisinichome. "Na huyu ana mtoto."

"Basi sitini na sita," akasema. "Endelea."